Bahasha za Mvunguni

Feleti Lolohea hakuwa mwizi. Nalisema hili mapema, maana wapo akina mama wa kanisani kwetu Mangere, hapa Auckland, watakaokwambia vingine kabla hujaketi. Alikuwa fundi wa zege, mtu wa kumwaga njia za magari na vibaraza vya nyumba za watu, mabega mapana, maneno machache. Na kwa miaka tisa hakupeleka ritani hata moja, yaani hesabu ya mapato yake ya mwaka, kwenye ofisi ya kodi. Kila barua iliyotoka huko aliikunja, akaingia chumbani kwa baba yake, akainama, akaichomeka katikati ya mikeka iliyotandikwa chini ya godoro la mzee. Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Huyu aliinama kuweka. Kutoa hakutaka hata kusikia.

Pale mahali palikuwa salama kuliko benki. Katika nyumba zetu Watonga wa visiwani mali ya ukoo haiwekwi kabatini, inalaliwa: mikeka ya ukili mwembamba iliyosukwa kwa miezi, na mabunda ya ngatu, nguo ya magome ya mti iliyochorwa kwa rangi ya kahawia na nyeusi. Haiguswi mpaka patokee arusi au msiba. Mzee Penisimani, baba yake Feleti, alikuwa na miaka themanini na mmoja, macho yamebaki kutofautisha mwanga na kivuli tu, na alipenda kulala juu ya mali ile kwa kuwa sehemu kubwa ilisukwa na marehemu mkewe. Silia, mke wa Feleti, alibadilisha shuka kila Jumamosi bila kuinua godoro. Bahasha zikaongezeka, mwaka hadi mwaka, na hakuna aliyeuliza.

Kisha mwezi wa Agosti, katika mvua zile za Auckland zisizojua kukata, mjomba wake Silia akafariki. Msiba wa mjomba haupelekewi mikono mitupu. Asubuhi ile wakaja akina mama watatu wa kanisani kumsaidia Silia. Wakamhamishia mzee kwenye kiti cha sebuleni karibu na hita, wakanyanyua godoro, wakaburuta mikeka na bunda kubwa la ngatu mpaka ukumbini ili walipime urefu. Walipokunjua mikeka na bunda, bahasha zikamwagika sakafuni, nyeupe, zote zina dirisha dogo la plastiki mbele.

Temaleti, mke wa mweka hazina wa kanisa, ndiye aliyeokota ya kwanza. Mama huyu hajawahi kuona kitu cha mtu kikaanguka akakiacha chini.

"Silia, hizi barua za nani?"

"Sijui."

"Zina jina la mumeo. Hii ya mwaka huu. Hii ya… we, hii ina miaka minane." Akaiinua kwenye mwanga wa dirishani. "Ofisi ya kodi. Na haijafunguliwa."

"Labda anakusanya stempu," akasema mwenzake, na wakacheka kwa puani, kwa sababu mzee alikuwa amesinzia karibu na hita na hawakutaka aamke aulize wanacheka nini.

Silia hakucheka. Alipiga magoti akaziokota moja moja, akazipanga kama mtu anayepanga vyombo vya wageni, akaziweka juu ya meza ya kulia. Kisha akarudi kupima ngatu, akataja urefu kwa sauti ile ile, na wale akina mama wakaondoka na mali kwenda msibani.

Feleti alirudi saa kumi za jioni. Mvua ilikuwa imemfukuza kazini; zege halimwagwi kwenye mvua. Akavua viatu mlangoni, akainua macho, akaona meza.

"Kaa," Silia akamwambia. "Na usipandishe sauti, mzee amelala. Ziko ngapi?"

"Sijui."

"Mimi najua. Hamsini na saba. Temaleti naye anajua, kwa hiyo kufikia sasa Mangere nzima inajua. Nimekuwa nikitandika kitanda hicho miaka tisa, Feleti. Umenifanya mlinzi wa uchafu wako."

"Nilitaka nilipe kwanza, halafu nikuambie."

"Ulipe nini, na hata kufungua hujafungua?"

Akaketi, mikono yake ya saruji juu ya mapaja, akauliza jambo moja tu: "Mzee amesikia?"

Hapo ndipo penye kiini cha habari hii. Feleti hakuogopa jela. Faini hakuziogopa sana, na hata vicheko vya kina Temaleti angevimeza. Alichokiogopa ni baba yake kujua. Na ili uelewe kwa nini, itabidi nikurudishe nyuma kidogo.

Mwaka ambao Feleti aliacha kazi ya kuajiriwa akaanza kujitegemea, ndio mwaka aliomleta baba yake kutoka kisiwani Ha'ano. Mwanzoni alikuwa mtu wa mpango. Kila alipolipwa, alitenga robo kwenye akaunti ya pembeni kwa ajili ya kodi, kama alivyoshauriwa. Halafu ikaja Novemba, na Novemba kanisani kwetu ni misinale, sadaka kuu ya mwaka. Kila ukoo huitwa kwa jina la mkubwa wake, aliyeandikisha kikubwa akitangulia; mkubwa husimama, kiasi husomwa kwa sauti mbele ya kanisa zima, na watu wake huenda mbele kuweka fedha kwenye bakuli. Kule Ha'ano mzee Penisimani alikuwa mwalimu wa kwaya na jina lake lilisomwa miongoni mwa ya mbele. Hapa jina lake lilisomwa karibu na mkia, na dola mia mbili. Mzee hakulalamika. Alirudi nyumbani, akawekewa sahani ya lu, nyama ya kopo iliyofungwa katika majani ya magimbi na tui, chakula anachokipenda kuliko vyote, akakila nusu akakisukuma. "Nimeshiba," akasema. Wiki nzima alishiba.

Mwaka uliofuata Feleti akachukua akaunti yote ya kodi, dola elfu kumi na mbili, akaiweka kwenye bakuli. Jina la Penisimani Lolohea likasomwa la tatu kutoka juu. Mzee alisimama, na watu wanaokumbuka wanasema alisimama kama askari. Tangu hapo ikawa desturi. Feleti alijiambia kila mwaka kwamba mwaka ujao atatenga mara mbili, na kila mwaka Novemba ilifika kabla ya mwaka ujao. Ritani hakupeleka kwa sababu aliamini kuwa kupeleka ni kukiri deni, na asiyekiri bado hajadaiwa. Ni fikra za kipumbavu, na usinicheke nikikwambia kuwa nusu ya mafundi ninaowajua wanazo.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Silia hakumwambia methali; alimwambia, "Alhamisi unakwenda kwa mama Kalesita. Ukikataa nampelekea mimi, na nitampelekea pamoja na mzee."

Mama Kalesita alikuwa Mtonga mwenzao wa kanisa jingine, mstaafu aliyeshika vitabu vya hesabu vya kiwanda miaka thelathini, na kila Alhamisi alisaidia watu bure katika chumba kidogo nyuma ya ukumbi wa mtaa. Miwani yake ilining'inia kwa kamba ya viatu. Feleti aliingia na mfuko wa saruji uliokatwa juu, bahasha zimo ndani.

"Umekula?" akamuuliza.

"Nimekula, mama."

"Uongo huo. Kunywa chai, kula na biskuti, maana hizi hazisomeki na tumbo tupu." Akachukua kisu cha siagi akaanza kuzichana. "Ulidhani zikikaa gizani zitachoka?"

"Nilidhani nitapata nafasi."

"Miaka tisa hukupata nafasi. Mimi nimezika mume na kuolewa tena ndani ya miaka hiyo, mwanangu."

Alisoma bila haraka, akizigawa katika mafungu. Feleti alikuwa akitazama midomo yake kama mgonjwa anavyomtazama daktari. Mwishowe mama akavua miwani. Ofisi ya kodi, alimweleza, ilipochoka kumngoja ilimkadiria yenyewe. Hawakujua saruji yake inagharimu nini, wala mafuta ya gari, wala kukodi mashine, kwa hiyo walimhesabia kila kilichoingia kana kwamba ni faida tupu. Juu yake faini, juu ya faini riba.

"Wamekufanya tajiri," akasema. "Ukinyamaza watu hukushonea nguo wanayoitaka wao. Sasa tutawapimia ya kwako. Lete taarifa za benki. Lete risiti."

"Risiti zingine ziko garini. Zingine zimelowa."

"Lete na hizo zilizolowa. Tutazianika."

Wakaenda hivyo Alhamisi saba. Feleti alifika na udongo kwenye kucha, akakaa kwenye kiti kidogo cha watoto wa shule, akajibu maswali. Hii dola mia tatu na kumi ya Machi ilikuwa ya nini? Mchanga. Na hii? Sikumbuki. Kumbuka. Ilikuwa kazi ya kuchosha kuliko zege, maana kila mstari ulimrudishia siku yake, na siku nyingi hazikupendeza kurudiwa. Aliona wazi Novemba zake: akaunti ya pembeni ikipanda mwaka mzima kama mtoto anayelelewa, kisha siku moja sifuri. Mama Kalesita alikuwa akifika hapo anapita kimya, anaendelea na Desemba.

Mwanzoni mwa Oktoba ritani zote tisa zilikuwa zimepelekwa. Walipopiga simu ofisini, aliyepokea alikuwa binti mwenye sauti ya upole, akasema asante kwa kujileta, na Feleti akashika paji la uso kwa aibu ya kushukuriwa. Deni lilipungua. Lakini bado lilibaki elfu arobaini na moja, na mpango waliokubaliana ulikuwa dola mia na hamsini kila wiki, kwa zaidi ya miaka mitano. Malipo ya kwanza yangeanza Novemba.

Ndipo mama Kalesita akaweka kalamu chini. "Hiki kinachotoka kila Novemba. Ni misinale, sivyo?"

"Ndiyo."

"Nilikuwa nangoja useme mwenyewe. Unajua kuwa ofisi ya kodi hurudisha theluthi ya sadaka? Ukiwa na stakabadhi ya kanisa, miaka minne ya nyuma. Elfu kumi na mbili mara nne, theluthi yake elfu kumi na sita. Tunaikata kwenye deni." Akamtazama juu ya miwani. "Pumua basi. Umekuwa wa kijivu kama kazi yako."

Feleti alicheka, mara ya kwanza tangu Agosti. Jioni ile alikwenda moja kwa moja kwa Isileli, mweka hazina, mume wa Temaleti. Isileli alikuwa mtu mwema aliyechoka, alifungua kabati la chuma, akatoa daftari kubwa la misinale, akapitisha kidole. Kidole kikasimama. Akapitisha tena, mwaka mwingine, na mwingine.

"Feleti," akasema, "wewe humo humu."

"Kivipi simo? Uliniona nikiziweka fedha kwenye bakuli."

"Niliziona. Lakini tazama. Penisimani Lolohea. Penisimani Lolohea. Stakabadhi zote zimeandikwa yeye. Ulitaka niandike nani? Baba yupo hai, mtoto ataandikwaje juu yake? Hata wewe ungenigombeza."

Ni kweli, angemgombeza. Miongoni mwetu mtoto hatoi kwa jina lake maadamu baba anapumua. Angeonekana amemzika akiwa mzima. Feleti alisimama pale akalitazama jina la baba yake, limeandikwa kwa wino mzuri mara nane katika safu za mbele, na akaona kuwa kwa miaka tisa amekuwa mtu asiyekuwapo popote, si kwa serikali wala kwa kanisa.

Mama Kalesita alipoziona stakabadhi alikunja uso. Mzee hakuwa na mapato hapa, hata pensheni ya uzee alikuwa hajaistahili kwa miaka ya ukaazi; kwa jina lake hakuna cha kurudishiwa. "Iko njia moja," akasema. "Kitabu kinaweza kurekebishwa kama kilikosewa. Lakini mwenye jina lazima aende mwenyewe mbele ya kamati, atamke kuwa zile fedha si zake, ni zako. Kanisa liandike barua. Hapo nitaipeleka bila wasiwasi."

"Hapana."

"Sijamaliza."

"Mama, hapana. Nitalipa yote."

"Ni miaka mitano na zaidi. Mgongo wako unao huo muda?"

"Nitalipa."

"Na Novemba hii, utaweka nini kwenye bakuli?"

Feleti akavaa kofia yake, akashukuru kwa adabu, akatoka. Garini alikaa muda mrefu bila kuwasha. Alihesabu ni kazi ngapi za Jumamosi anaweza kuzipata, ni nani anaweza kumkopa, ni kitu gani ndani ya nyumba kinauzika. Alikuwa anatafuta namna ya kumlipa anayemdai, na papo hapo kumnunulia baba yake Novemba moja zaidi. Namna hiyo haikuwapo, na alijua, ila hesabu aliendelea nayo mpaka vioo vikaingia ukungu.

Jumapili iliyofuata, baada ya chakula cha mchana, alimshika mzee mkono kumpeleka kitandani kupumzika. Mzee akakaa ukingoni, akabonyeza godoro kwa viganja, mara mbili, tatu.

"Kitanda kimeshuka tangu Agosti," akasema. "Nimengoja uniambie."

"Mikeka ilikwenda msibani, baba. Kwa mjomba wake Silia."

"Ya mikeka najua. Mikeka ni ya kutoa. Nauliza bahasha zangu."

"Bahasha gani?"

"Mimi kipofu, Feleti, si kiziwi. Kila ulipokuwa ukiinama nilikuwa macho. Nilijifanya nimelala ili usione haya." Uso wa mzee ulilainika, hakuna kitu kilichomuumiza Feleti kama ulaini ule. "Nikasema moyoni, mtoto huyu ni msiri kama mama yake. Hataki nijue ananiwekea nauli. Nilikuwa nazihesabu. Zilifika hamsini na nne. Nikigeuka usiku nazisikia zinaparuza, napata usingizi. Nasema, basi Ha'ano nitarudi, kama si kwa miguu basi kwa sanduku, nitalazwa ubavuni mwa mama yako. Umezipeleka benki?"

Mvua ilikuwa inanyesha juu ya paa la bati la karakana. Ukumbini Silia alikuwa anasuuza vyombo. Feleti angeweza kusema ndiyo. Neno lenyewe dogo, na lilikwisha mjia mdomoni. Lakini mtu aliyekaa Alhamisi saba akijibu hii ilikuwa ya nini na hii ilikuwa ya nini, ulimi wake unakuwa umezoea njia nyingine. Akapiga magoti sakafuni mbele ya baba yake.

"Hazikuwa pesa, baba. Zilikuwa barua za deni."

"Deni la nani?"

"Langu. La kodi. Miaka tisa sikulipa."

Vidole vya mzee vilikuwa bado juu ya godoro. "Na zilikuwa ngapi?"

"Hamsini na saba."

"Tatu zilinipita," akasema mzee, na akatikisa kichwa kana kwamba hilo ndilo lililomshangaza. Kisha, polepole, akaanza kulifuata jambo kama mtu anayefuata kamba gizani. "Hukulipa kwa kuwa hukuwa nazo. Hukuwa nazo kwa kuwa ulizipeleka pengine. Misinale."

"Ndiyo, baba."

"Kwa hiyo zile zilikuwa zao, wanaokudai."

"Ndiyo."

"Na mimi nikasimama."

"Baba, mimi ndiye niliye…"

"Mara nane, Feleti. Nilisimama mara nane."

Mzee alijilaza bila kusaidiwa, akageukia ukutani. Feleti alibaki pale magotini mpaka miguu ikafa ganzi. Aliona bega la baba yake tu chini ya blanketi, jembamba kuliko alivyokuwa akilikumbuka.

Nani alimwambia mzee kuhusu stakabadhi, sijui kwa hakika. Silia hakuwahi kukana. Ninachojua ni kuwa Jumatano mzee Penisimani alimwita yeye, si Feleti, akamwambia ampigie Isileli simu aitishe kamati, na akaomba atolewe ile kanzu nyeusi na mkeka wa kujifunga kiunoni, vazi la heshima la Kitonga analovaa mtu akienda mbele ya wakubwa au mbele ya maiti. Feleti alipofika kutoka kazini alimkuta ameshavishwa, amekaa kitini na fimbo.

"Baba, si lazima. Nimeshapanga kulipa."

"Nishike mkono. Sitaki kuanguka njiani."

Kamati ilikuwa watu watano na mchungaji, wamezunguka meza ndefu. Mzee alikataa kiti. Alisimama, uso wake umeelekea dirishani ambako hakukuwa na mtu, akazungumza.

"Kwenye kitabu chenu mmeniandika mimi. Mimi tangu nifike nchi hii sijatoa hata senti. Nimeletwa kwa nauli ya mwanangu, nakula magimbi ya mwanangu. Zile fedha ni za mikono yake. Futeni jina langu, mwandikeni yeye."

Mchungaji alikuwa kijana mwenye huruma; alisogea mbele. "Mzee wetu, jina lako ndilo jina la nyumba. Hakuna aliyekosea. Na kwa shughuli hii ya ofisi, Isileli anasema inatosha kurekebisha miaka minne tu. Hiyo minne ya mwanzo tuiache ilivyo, kwa heshima yako."

"Sikusimama mara nne," mzee akasema. "Futeni yote."

Isileli akafungua daftari. Hakufuta, alipiga mstari kwa rula, mwaka mmoja baada ya mwingine, akaandika juu yake, na ukimya ulikuwa mkubwa hata kalamu ilisikika ikitembea. Mzee alikuwa amesimama na kichwa kimeinama kidogo upande wa ile sauti, akiisikiliza. Mstari wa nane ulipokwisha, akasema, "Asanteni," akapapasa mkono wa mwanawe.

Barua ikatoka, stakabadhi zikaandikwa upya, mama Kalesita akazipeleka. Theluthi ilirudi, ikakatwa kwenye deni, zaidi ya nusu bado ikabaki. Ofisi ikajibu kwa bahasha ile ile yenye dirisha la plastiki, na Feleti akaichana mwenyewe mlangoni. Ilisema kuwa hakuna ritani inayodaiwa tena, na kwamba mpango wa malipo umepokelewa. Alimpelekea mama Kalesita aisome, naye akampiga begani na kumwambia kuwa sasa yeye ni mtu kama watu wengine, anadaiwa kihalali. Feleti alijaribu kutabasamu. Nyumbani hakuiweka mvunguni. Aliibandika kwenye friji kwa sumaku, na kwa wiki nzima alipita mbele yake bila kuitazama.

Malipo ya kwanza yalitoka Jumanne. Misinale ilikuwa Jumapili ya wiki ile ile.

Kanisa lilijaa, maua mezani, kwaya imevaa nyeupe. Feleti alimshika baba yake mkono kuelekea benchi la tatu kutoka mbele, lao la siku zote. Mzee alisimama penye mlango.

"Sio huko," akasema. "Nipeleke nyuma."

"Nyuma kuna baridi, baba. Mlango uko wazi."

"Nyuma."

Wakakaa benchi la mwisho, pamoja na akina mama wenye watoto wachanga na watu waliochelewa. Silia aliketi upande wa pili wa mzee, akamfunika magoti kwa shali lake. Mbele, Temaleti aligeuka mara moja kuangalia benchi lililobaki wazi, akamnong'oneza jirani yake.

Majina yakaanza kusomwa. Ukoo baada ya ukoo, mkubwa anasimama, kiasi kinatajwa, watu wake wanakwenda mezani wakiimba, kanisa linaitikia kwa shukrani. Elfu kumi na tisa. Elfu kumi na nne. Elfu sita na mia tano. Mzee alikuwa ameshika fimbo kwa mikono miwili, kidevu juu ya mikono, hajatikisika. Feleti alikuwa na noti mbili za dola ishirini ndani ya kiganja, kiasi alichokwisha kumwandikisha Isileli, zimelowa jasho. Walisoma mpaka wakakaribia mwisho.

"Lolohea," Isileli akasoma, akanyamaza kidogo ili ageuze ukurasa.

Na mzee Penisimani akasimama. Mwili ulisimama wenyewe, kwa mazoea ya miaka. Fimbo ilipiga sakafu, mgongo ukanyooka, kifua kikatoka mbele, kama askari.

"Feleti," Isileli akamalizia. "Dola arobaini."

Hakuna aliyecheka. Hata Temaleti alitazama chini. Mzee alibaki amesimama katikati ya watu waliokaa, macho yake meupe yameelekea mbele, na ilionekana wazi usoni mwake dakika ile aliyokumbuka. Feleti akamvuta mkono wa kanzu taratibu.

"Keti, baba."

Mzee akaketi. Silia akalirudisha shali juu ya magoti yake. Kwa kuwa hakusikia hatua zozote, mzee akageuza uso upande wa mwanawe.

"Nenda basi," akasema. "Wamekuita wewe."

Feleti akainuka. Kutoka benchi la mwisho hadi mezani ni mbali, na kwa kuwa Silia alibaki na mzee, hakukuwa na mwingine wa ukoo wake wa kumwimbia njiani. Alitembea peke yake katikati ya kanisa, na noti zake mbili mkononi.